Boti ya Hoteli na Boti ya Achola

Tulikwenda Dunga kuangalia boti mbili, mimi na mke wangu Debra, na binti yetu Winny, ambaye tangu kaka yake azame mwaka jana hataki hata kukanyaga maji ya mvua. Debra ndiye aliyetaka boti. Alisema tutakuwa tunavua ngege kwa ndoano Jumapili baada ya kanisa, kama zamani, ama huyu mtoto atakua akiogopa ziwa analoliona kila akifungua mlango.

Nilisema sawa. Tangu tumzike Okinyi nimekuwa mtu wa kusema sawa.

Ya kwanza ilikuwa ya mbao, mali ya Achola. Niliijua kabla sijaifikia. Okinyi alipozama wavuvi wote waliacha nyavu, maana hapa hakuvuliwi samaki mpaka mtu apatikane. Achola ndiye aliyempata, akamleta na boti hiyo. Tangu hapo hakuna kijana anayekubali kuipanda.

"Tuliiosha na manyasi, ile dawa ya kuondoa mkosi, omera," Achola aliniambia. "Mzee wa dawa alikuja mwenyewe na majani yake. Lakini hawa vijana wamekataa. Mmoja ameniambia heri ashike jembe, na huyo hajawahi kushika jembe tangu azaliwe."

Nilipapasa ubao wa mbele, pale walipomlaza. Nikangoja kitu kinipande kifuani. Hakuna kilichopanda.

Ya pili ilikuwa ya faiba, nyeupe, yenye viti laini na paa la turubai. Muriuki, muuza vipuri wa Kibuye, aliinunua kutoka kwa hoteli moja ilipofungwa.

"Hii, Mzee, ni ya familia," alisema. "Hata ikijaa maji haizami. Mama atakaa hapa kama yuko sebuleni."

"Naijua," nikasema.

Nilimvuta Debra kando. Siku zile za kumtafuta Okinyi nilikwenda langoni pa hoteli hiyo, iliyojenga ukuta wake juu ya njia yetu ya ziwani, nikaomba boti hii itusaidie. Meneja akaniambia boti ni ya wageni, maiti itaharibu viti. Kwa ajili ya ukuta ule niliwahi kuwaingiza watu barabarani kuandamana mpaka polisi wakaja. Sasa nilimsimulia Debra kama nasoma matangazo ya kanisani.

"Tuchukue ya Achola," nikasema.

"Nilijua utasema hivyo."

"Hii ilikataa kumbeba mwanangu."

"Baba Okinyi, ndiyo maana naitaka. Haikumbeba." Aligeuka kumtazama Winny, aliyesimama mbali, juu kabisa kwenye nyasi. "Ama unataka huyu nimkalishe pale pale mbele?"

Nilirudi kumwambia Achola tunachukua ile nyingine.

"Sawa tu, omera," akasema. "Hata mimi wangu nisingemweka."

Muriuki alisogeza boti yake ukingoni tuijaribu. Winny aliteremka polepole, akasimama hatua chache kutoka majini.

"Okinyi aliwahi kupanda hii?"

"Hapana," mama yake akamjibu.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Aliacha afungwe jaketi la kuokoa maisha. Akashika bega la mama yake, akapanda, akakaa akiangalia miguu yake. Mimi niliingia ziwani na viatu. Maji yalinifika magotini na sikuyasikia baridi. Nikaisukuma.