Tikiti Chini ya Kioo

"Mvumilivu hula mbovu," alisema Fundi Vioo. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo baridi, pua yake ikigusa kioo cha sanduku lake.

Kinyozi, jirani yake, aliegemea ua akipuliza chai. "Si mbivu, dada?"

"Mbivu ni huko kwenye joto. Huku kwetu ukikaa kusubiri tunda, unakula kilichooza. Tunda hapa halisubiriwi, linalindwa."

Sanduku lenyewe alilijenga uani, kwa mbao na madirisha makuukuu ambayo wateja waliyatupa. Ndani yake mtikiti mmoja ulitambaa kila upande ukitafuta jua, na katikati ya majani lilikaa tikiti moja, kubwa kupita ngumi, dogo kuliko kichwa cha mtoto. Mistari yake ya kijani ilikuwa imeanza kukolea. Katika mji huu, ambapo asubuhi nyingi nyasi huamka zimevaa jalidi, umande ulioganda, nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, hakuna aliyewahi kuona tikiti likiwa bado kwenye shina lake.

"Na yale masharubu ya mumeo je?" kinyozi aliuliza. "Nimeshanoa wembe."

Fundi Vioo alicheka. Mumewe, aliyekuwa dereva wa lori, kila aliporudi kutoka nchi za joto alikuja na tikiti chini ya kiti. Walipolila lile la mwisho, yeye na mumewe na wifi yake, Fundi Vioo alikusanya mbegu kutoka kwenye sahani ya mume.

"Hizo si nimezitema?" mume alishangaa. "Unazipeleka wapi?"

"Nataka kujua."

"Kujua nini, mke wangu?"

"Kama zitazaa huku."

Mume alicheka mpaka akakohoa. "Zikizaa kwenye barafu hii, masharubu haya nayanyoa! Dada yangu shahidi."

Kabla ya msimu wa kupanda, homa ya mapafu ilimchukua, yeye na masharubu yake. Wifi akaipeleka picha yake kukuzwa, akaitia fremu ya kioo, akaitundika sebuleni mwa Fundi Vioo, na tangu hapo kila Jumapili alikuja kuufuta uso wa kaka yake kwa ncha ya mtandio. Hakuruhusu mtu mwingine aguse kile kioo. Ilikuwa sala yake.

Mbegu zote zilipandwa. Baridi ikazila, ikabakiza huu mche mmoja. Hapakuwa na mbegu nyingine tena, na aliyezitema hakuwepo wa kutema zaidi.

Hata huu mmoja Fundi Vioo nusura auue kwa ufundi wake. Fundi wa vioo haachi upenyo, hiyo ndiyo heshima ya kazi. Kila ufa wa sanduku aliuziba kwa puti, ile ya kushikilia vioo, akaisawazisha kwa kidole gumba hadi upepo wenyewe ukakosa pa kupigia mluzi. Mtikiti ukanawiri. Ukatoa maua ya njano. Maua yakafunguka, yakasinyaa, yakaanguka. Mengine yakafuata, nayo yakaanguka. Alikaa mbele ya kioo kwa siku kadhaa akijiuliza, mpaka alipomwona nyuki mmoja upande wa nje, akitembea juu ya kioo huku na kule kama mgeni aliyefungiwa mlango.

Alijipiga kofi kwenye paji la uso. Akachukua brashi yake ndogo ya kufagilia vumbi la kioo, akafungua kifuniko, akagusa ua hili, kisha lile lenye kitunda kichanga chini yake.

"Umekuwa mshenga wa maua sasa?" kinyozi alimtania siku ile.

"Mshenga asiyelipwa."

Ua moja likashika. Ndilo hili tikiti.

Alasiri hiyo, chai ya kinyozi ikiwa haijapoa, mbingu ilibadilika rangi na mvua ya mawe ikashuka. Mabati yalipiga kelele mji mzima. Ilipokwisha, watu walijaa mlangoni kwa Fundi Vioo. Madirisha ya zahanati, ya bibi kizee wa nyuma, ya darasa la watoto wadogo: yote yalikuwa wazi na baridi ilikuwa inaingia. Alikata, akapakia, akabeba, akapachika. Hakumwambia mtu arudi kesho. Kioo cha mwisho dukani alikiweka zahanati, kwenye chumba cha wazazi, na mama mmoja aliyejikunyata na kichanga chake akamwambia, "Mungu akufunike na wewe, dada."

Alirudi nyumbani jua likichwea. Dirisha lake la chumbani lilikuwa limevunjika. Hilo alilitazama mara moja tu, akaweka boksi. Kisha akakimbilia uani.

Kioo kimoja cha sanduku, kile cha juu ya tikiti, hakikuwepo. Vipande vyake vilikuwa vimelala juu ya majani. Alivitoa kimoja kimoja, akapapasa tunda kwa vidole vilivyokufa ganzi. Zima. Halijaguswa.

Lakini mbingu ilikuwa imesafishika, haina wingu hata la kusingizia. Kila mtu huku anajua maana yake: mbingu ikivua shuka, ardhi hupigwa na baridi. Alijaribu blanketi, likanyonya maji na kuyalemea majani. Alijaribu nailoni, upepo ukaichana. Dukani hapakuwa na kioo hata cha kujitazamia.

"Mganga hajigangi," alijisemea akiingia ndani kutafuta, na hapo macho yake yakakutana na ya mumewe.

Picha ilimtazama kutoka ukutani. Masharubu, tabasamu, na mbele yake kioo safi kuliko vyote nyumbani.

Aliishusha. Akapima. Kioo kilizidi pengo kwa upana wa kidole. Hapo ndipo aliposimama. Kukiazima ni jambo moja, kitarudi. Ila kioo kikishakatwa hakirefuki tena, na wifi yake hakuwa mtu wa kusahau.

"Ulisema zikizaa," aliiambia picha. "Sasa unaniachia mimi niamue."

Aliweka rula. Akavuta kikatio. Sauti ile, kama ya hariri inayochanwa, alikuwa ameisikia maisha yake yote, lakini safari hii alizuia pumzi mpaka sauti ikaisha. Kisha akagonga kidogo, na kioo kikatii.

Asubuhi ilikuwa Jumapili.

"Hodi!" Wifi hakungoja karibu. Sebuleni ukatoka ukelele. "We mwanamke! Umemvua kaka yangu!"

Fundi Vioo alitokeza kutoka jikoni akiwa na unga mikononi. "Hajavuliwa, wifi. Kioo tu."

"Kioo tu? Vumbi linamwingia machoni! Kiko wapi? Kirudishe!"

"Hakirudi. Nimekikata."

Fundi Vioo alifungua mlango wa uani. Nje kila kitu kilikuwa cheupe: nyasi, ua, kamba ya nguo, hata ndoo. Sukuma wiki ya kinyozi ilikuwa imelala chini, nyeusi, kama iliyochemshwa.

"Hicho hapo kioo chako," alisema.

Wifi alikwenda huku akikanyaga jalidi kwa hasira, krach, krach. "Utaniomba radhi. Mimi kwanza, kisha yeye. Kwa sauti, hata jirani asikie."

"Jirani anasikia," kinyozi alisema nyuma ya ua.

"Nyamaza wewe!"

Wifi aliinama juu ya sanduku. Kioo kilikuwa kimefunikwa na weupe, hakionyeshi kitu. Bila kufikiri, akavuta ncha ya mtandio wake, akaipumulia, akaanza kufuta kama afanyavyo kila Jumapili, taratibu, kwa mviringo, kuanzia katikati. Jalidi ikayeyuka chini ya mkono wake. Kwanza likatokea jani. Kisha mstari wa kijani.

Mkono ukasimama.

"Hizi ndizo zile alizozitema?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Ndizo."

"Na lile la masharubu... aliapa kweli. Nilikuwepo." Alifuta tena, pole pole zaidi, akasogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikakitia kioo ukungu, akaufuta nao. "Limelala upande. Litaiva hivi?"

"Sijui. Nataka kujua."

Jua lilianza kugusa ukingo wa sanduku. Upande wa ndani, tone la maji lilikusanyika kwenye kioo, likanenepa, likaning'inia juu ya tikiti.

"Bado sijaombwa radhi," wifi alisema, hajainua uso.

"Wala hutaombwa," alijibu Fundi Vioo.