Uso wa Uzio Uangalie Wapi

Mtu akiniuliza kwa nini uzio wa kwetu unaangalia ndani, namwambia shika lako. Mimi ni seremala, miaka ishirini na mbili kazini, na nyumba yetu ndiyo pekee mtaani inayomwonyesha mpita njia mgongo wa uzio. Wacheke tu. Wao hawakuiona ile ndala.

Aliyeutaka uzio ni dada yangu mkubwa, anayekaa na baba. Baba naye alikuwa seremala, kazi yote niliyo nayo kanipa yeye. Lakini huu mwaka wa pili kumbukumbu zinamtoka moja moja, na miguu yake haitulii. Mara mbili dada alimkuta katikati ya barabara, magari yanampigia honi, yeye kainama anapima lami kwa shubiri.

"Mdogo wangu," dada akaniambia, "mara ya tatu tutaletewa maiti. Nizungushie hii bustani."

Tukakaa jikoni kuchagua. Dada alitaka fito zilizoachana, baba awe anaona watu wakipita. Nikakataa, akiwaona si atataka kuwafuata? Akasema basi vile vibao vifupi vyenye ncha.

"Dada, unataka kumzuia mzee au kumchoma?"

Tukacheka. Nikamwambia atulie, fundi ni mimi. Mbao zilizobanana, urefu wa kunifika kidevuni, bila hata tundu la kupitisha kidole. "Hata paka ataomba ruhusa," nikajigamba. Jamani, mdomo huu!

Sasa, uzio wa mbao una uso na mgongo. Usoni ni mbao zilizosimama, laini tupu. Mgongoni kuna mbao tatu za kulala, zinazoshikilia zile zilizosimama. Baba mwenyewe alinifunza kwa makofi ya kisogo: uso kwa mpita njia, mgongo kwa mwenye nyumba. Ukigeuza, watu watasema hujui kazi. Basi nikajenga hivyohivyo, siku tatu, baba ameketi kwenye kiti chake cha plastiki ananitazama. Hanijui tena. Ananiita fundi.

Siku ya tatu, nilipokuwa napiga misumari ya mwisho, aliinuka, akaja, akagonga mbao ya kulala kwa kidole.

"Fundi, geuza."

"Nigeuze nini, baba?"

"Uzio. Mtoto atapanda."

"Mtoto gani? Kitinda mimba wa nyumba hii ni mimi, na nina mvi."

"Geuza!" Safari hii alikuwa mkali kama zamani. "Mtoto atapanda, nakwambia!"

Nilicheka. Ndiyo, nilimcheka baba yangu mzazi. Nikamwambia dada, maskini mzee, kasahau hata kazi yake. Nikatia kufuli langoni, nikamkabidhi dada ufunguo, nikaenda zangu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu ikalia. Dada hata hakusalimu.

"Baba hayupo."

"Hayupo vipi? Lango je?"

"Limefungwa! Ufunguo ninao shingoni!"

Nilitoka mbio karakana na randa mkononi, sijui kwa nini sikuiweka chini. Nikafika. Kufuli lipo. Nikasukuma ubao mmoja mmoja kama mwendawazimu, hakuna hata mmoja uliolegea. Mtu mzima kayeyuka! Nikaanza kumfokea dada, ulilala, ulikuwa wapi, na yeye ananyoosha kidole tu kwenye uzio.

Ndala ya baba, moja, ilikuwa imening'inia kwenye mbao ya kulala ya katikati.

Lo! Ngazi. Nilimjengea baba yangu ngazi. Vidato vitatu, vimepimwa, vina nafasi sawasawa, tena nilivipiga msasa ili asijichome. Uzio mzima ulikuwa ngazi kwa upande wake, na ukuta kwa upande wa wasiotaka kuingia.

Nikapanda vidato vyangu mwenyewe, nikachungulia. Baba alikuwa amelala ubavu ukingoni mwa lami. Lori la mchanga lilikuwa limesimama, tairi la mbele hatua moja tu kutoka kichwani pake. Dereva ameketi chini, kashika kichwa kwa mikono miwili. Nikajua baba amekufa. Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia ukitoka kwangu.

Sijui niliruka vipi. Nilipomgeuza akafumbua macho.

"Fundi," akasema, anahema, "mtoto kapanda. Nilikuwa namfuata. Umemwona?"

Alivunjika kifundo cha mkono, basi. Kwa kweli Mungu ni mkubwa. Yeye akifungwa plasta hospitali, mimi nilikuwa nang'oa misumari. Nikageuza ubao mmoja baada ya mwingine, uso ndani, mgongo nje. Wapita njia wakaanza maneno: "Fundi, leo umeamka vibaya?" Nikawaacha waseme.

Jioni baba akaletwa. Akaenda moja kwa moja kwenye uzio, akapitisha kiganja cha mkono mzima juu ya mbao, taratibu, akitafuta pa kukanyaga. Hakupata.

"Hapo sawa, fundi. Sasa hapandi."

"Nani, baba?"

"Mwanangu wa mwisho. Mtukutu huyo, we acha tu! Alipanda uzio wangu akaanguka, akapasuka kidevu. Damu ile, nikajua nimempoteza. Siku hiyohiyo nikaugeuza wote. Watu walinicheka sana."

Nikamtazama dada. Alikuwa amejiziba mdomo, ndipo alipokumbuka. Uzio ule wa zamani uliliwa na mchwa kabla mimi sijapata akili, hakuna aliyewahi kunisimulia. Nikajishika kidevu, pale penye kovu pasipoota ndevu. Maisha yangu yote nimenyoa kulizunguka na sijawahi kuuliza limetoka wapi.

"Na wewe fundi," baba akaniuliza, "una mtoto?"

"Hapana," nikasema. "Nina baba."

Akanipigapiga begani.

"Basi msalimie," akasema.