Ukurasa Tuliouruka

Nilikuwa nimeinua kidole, nimemwelekezea Tuneya aliyevaa leso za mke wangu, nilipogundua kwamba naigiza mbele ya migongo. Watu wote waliokuwa wamekaa mikekani nyuma ya maduka ya Garsen walikuwa wamegeuka kuutazama mto. Lori lilikuwa linavuka. Siku tatu lilikwama ng'ambo likingoja maji yapungue, limebeba sukari na mchele wa Idd, na sasa feri ilivutwa kwa kamba taratibu juu ya maji mekundu, dereva akipiga honi kama anayeleta bibi harusi.

Hiyo ilikuwa Idd ya mwaka 1955. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, dresa wa zahanati, mzaliwa wa Chewele, na moyoni nilijiona msanii. Neno hilo bado linanichefua. Mchana nilitumbua majipu ya wachungaji na kuosha vidonda vyao, jioni niliandika mchezo wa kuigiza nyuma ya karatasi za dawa zilizokwisha kazi. Hakuna aliyenituma. Niliwahi kuwaona wanafunzi wa shule moja wakiigiza, nikarudi na homa ambayo kabati langu la dawa halikuwa na tiba yake.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanne. Jaafar, fundi wa nguo, alikuwa kadhi wa mchezo. Gunga, aliyekuwa akifanya kazi mnadani kwa ng'ombe, alikuwa jirani mmbea. Tuneya, mkulima wa ndizi mwenye mabega mapana na ndevu, alikuwa mke, maana hakuna mwanamke ambaye angekubali kusimama mbele ya watu, na ndevu chini ya leso zilitosha kuwachekesha hata wasioelewa Kiswahili. Mimi nilikuwa mume. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Mume mwenye hasira za karibu anampa mke talaka kwa sababu ya samaki aliyeungua, kisha anazunguka mji mzima na njaa yake akitafuta wa kumpikia.

Mazoezi ya kweli niliyafanya nyumbani, na Mwanasha mke wangu. Alikuwa binti wa Mzee Fumo wa Kau, na Kiswahili alikinyonya kwa mamake, si kama sisi wa mtoni juu tuliokiokota sokoni. Nikimsomea mstari mara moja, ameshaushika. Alinisahihisha, nami nikalipiza kwa kumtania, kwa kuwa yeye na watu wa kwao husema kuteka badala ya kucheka. Nilimwambia mtu huteka maji, au huteka nyara, lakini kicheko huchekwa. Yeye hunijibu kwamba kwao watu waliteka kabla Garsen haijapata duka hata moja. Kisha anateka, kichwa kimelala nyuma, meno yote nje, nami nasahau nilikuwa nafundisha nini.

Mke wa mchezo nilimwita Mishi. Nililichagua jina hilo kwa sababu hakukuwa na Mishi hata mmoja aliyeolewa na yeyote kati yetu. Hata hivyo, ukurasa mmoja hatukuufanyia mazoezi kabisa. Tulipofika pale mume anapotoa talaka, Mwanasha aliniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka vitunguu.

"Hapo ruka," alisema. "Neno hilo silitaki nyumbani mwangu."

Nilimweleza kwamba ni neno la Mishi, si lake. Akaniuliza Mishi ni nani, mbona chumbani humu yuko yeye peke yake. Basi tukaruka. Wiki sita, kila jioni, tulifika pale tukaruka, tukaendelea na kilio cha mume mwenye njaa, ambacho alikipenda.

Siku yenyewe hakuja. Alibaki jikoni, kwa kuwa babake alikuwa amefika kwa mtumbwi kutoka Kau kula Idd kwetu. Alinipa leso zake mbili mpya za kumvisha Tuneya, akanionya zisirudi na tope. Mzee Fumo alikuja nami, akawekewa kiti mbele.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Gunga, bila kuambiwa, alilitaja jina la mwenye duka mmoja anayejulikana kwa ubahili, na watu wakapasuka kwa kicheko. Nikajifunza pale pale kwamba jina la mtu aliye hai lina nguvu kuliko maneno yangu yote ya wiki sita. Ndipo lori likapiga honi, na watu wakageuka.

Ningeweza kungoja. Mwigizaji mwenye akili angekaa kimya mpaka lori lipande ukingo, kisha aendelee. Lakini nilikuwa nimefika kwenye ukurasa ule, kidole kiko juu, na sukari ilikuwa inanishinda. Nilitaka wanitazame. Sikutaka kitu kingine chochote duniani.

"Mwanasha binti Fumo," nilipaza sauti, "nimekuacha. Talaka tatu."

Migongo ikageuka yote kwa pamoja. Watu wakacheka, na sijapata kusikia kicheko kama kile tena. Watu walishikana mabega. Mzee mmoja wa Kiorma, ambaye Kiswahili chake hakikuzidi bei ya ng'ombe, alipiga fimbo yake chini huku machozi yakimtoka. Lori lilipanda ukingo likipiga honi na hakuna aliyeligeukia. Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Fumo alisimama, akakung'uta kanzu yake, akaondoka. Nilidhani anakwenda kutawadha.

Baadaye tulikaa hotelini kunywa chai, yenye sukari mpya, na watu wakapita kunishika mkono. Tuneya peke yake hakuwa na raha. Alikuwa anazikunja leso polepole juu ya magoti.

"Jina ile, Komora," alisema. "Ulimi iliteleza?"

Nilimjibu kwamba haukuteleza hata kidogo. Nilimwambia hiyo ndiyo sanaa, kujua pa kuliweka neno. Nilisema hivyo mbele ya Jaafar na Gunga na meza nzima, kisha nikaagiza chai nyingine.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mkwe wangu amekaa kizingitini, mlango umefungwa nyuma yake. Aliniambia nisiingie. Hakupandisha sauti. Alisema kesho twende kwa Maalim Omar, aliyesomesha chuo cha Kurani na kuamua mambo ya ndoa pale mjini, na kwamba usiku huu nitafute pa kulala. Nilicheka. Nilimwambia ulikuwa mchezo tu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi, mtumbuaji majipu, sikuliona hili likiiva.

Asubuhi ya Idd Pili, nikiwa njiani kuelekea msikitini, Salama jirani yetu alinisimamisha. Mwanasha alikuwa amemtuma kwa maneno machache, aseme ulimi ulimteleza. Basi. Alikuwa amenitafutia njia ya kutokea, kama alivyonitafutia maneno kila yaliponipotea.

Maalim Omar alikuwa mtu mpole, mgonjwa wangu wa macho. Alitukalisha barazani, Mzee Fumo upande mmoja, mimi na wenzangu upande wa pili, akaeleza pole pole ili nielewe. Ningemtaja Mishi, lingekuwa neno la karatasi, wala lisingemgusa mtu. Ulimi wangu ukiwa umeteleza, Mungu hamshiki mja kwa alilolikosea. Lakini mtu akikusudia kumtaja mkewe akamtolea talaka, hata kama anacheza, mchezo wake ni kweli. Niliona anavyoniangalia. Alikuwa ananifungulia mlango ule ule.

"Nakuuliza mara moja, mwanangu," alisema. "Uliteleza, au ulikusudia kulitaja jina?"

Tuneya alitazama chini. Najua angenyamaza. Jaafar na Gunga nao wangenyamaza, tungekula ubwabwa mchana ule na Mwanasha angenisimanga mwaka mzima, na mambo yangeisha. Neno moja tu.

"Nilikusudia," nikasema.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa kusema uongo barazani mwa msikiti. Ni sababu nzuri, na wapo walioniheshimu kwa ajili yake. Lakini nimezeeka na sina tena wa kumficha. Sikumwogopa Mungu asubuhi ile. Niliposikia neno uliteleza, niliona kicheko chote cha jana kikinitoka mikononi, kikiwa bahati tu, kosa la mtu aliyesahau mstari wake. Wenzangu walikuwa wananisikiliza. Sikuweza kusema kwamba jambo bora nililowahi kufanya lilikuwa kosa. Nikamtoa mke wangu badala yake.

Mchana Mzee Fumo alimpandisha mtumbwini. Leso zilirudishwa na Tuneya, safi, hazikuwa na tope.

Eda ilipokwisha aliolewa na mvuvi wa Kipini. Idd iliyofuata kikundi kiliurudia mchezo bila mimi, Jaafar akiwa mume. Niliambiwa kwamba mke sasa hakuitwa Mishi. Watu hawakumtaka Mishi, walimtaka Mwanasha, na walipolisikia jina walicheka kabla neno lenyewe halijatoka. Karatasi zangu nilizitumia kufungia vidonge.

Nilimwona mara moja tu tena, mwaka 1959. Feri ilikuwa mbovu, wasafiri wamekwama, naye akaingia zahanati na mtoto wa kike mwenye homa. Aliniita Daktari, kama wanavyoniita wote. Nikampima mtoto, nikampa dawa, nikamweleza vipimo mara mbili ingawa najua yeye hushika mara ya kwanza. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama.

"Siku ile nilisikia kelele, nikadhani ni za lori," alisema. "Hakuna aliyeniambia. Waliteka?"

Ningeweza kumwambia kwamba hawakucheka. Huo ungekuwa uongo mdogo kuliko ule aliouomba zamani, na labda ningekuwa na haki nao.

"Waliteka," nikasema. "Waliteka sana."

Aliitikia kwa kichwa, akamfunika mtoto vizuri kwa leso.

"Basi si haba," akasema, akatoka kwenda kungoja feri.