Mjomba Hapigi Hodi

Neno lenyewe lilikuwa fupi: kaka. Lilimponyoka mshonaji mlangoni, jioni moja aliporudi kutoka darasani, mwanawe alipofungua kabla hawajabisha na kumkuta mama yake pamoja na mwanaume aliyembebea mkoba wa madaftari.

"Huyu nani, mama?"

"Kaka yangu."

Kule kwenye darasa la watu wazima mwalimu alikuwa ameagiza wote waitane kaka na dada, ili asiwepo wa kuonea haya mvi zake. Lakini mwanawe alikuwa amekua bila ndugu wa upande wa mama. Alijua tu kwamba babu yake alikuwa na watoto kwa mke mwingine, na kwamba walipotelea mbali. Akamtazama mgeni kutoka juu hadi chini, machozi yakamlengalenga.

"Kumbe mjomba! Wale wa kwa bibi mdogo!"

Mgeni alikuwa fundi wa zipu na mabegi, kwenye mtaa wake wa mbali walimwita Fundi Zipu. Alifungua kinywa, akakumbatiwa kabla hajasema neno. Alipoaga, kijana alimwambia, "Mjomba hapigi hodi hapa. Ingia utakavyo."

Basi mlango ukafunguka, na kufunguka huko ndiko kulikowafungia. Mshonaji alikuwa mjane, Fundi naye alikuwa amemzika mkewe zamani, na kule darasani, wakigawana kifutio kimoja, walikuwa wamekwisha kuelewana. Sasa kila Jumapili Fundi alikaa kwenye kiti kilichoelekea kile cha mshonaji, mjukuu magotini akimwita babu. Mshonaji alipompa chai, Fundi alijibu, "Asante, dada."

"Nataka kukuoa," Fundi alimwambia wakiwa njiani. "Sasa nikapose kwa nani? Mwanao anasema mimi ndiye mkubwa wa ukoo. Nijipelekee posa, nijikubalie, halafu nijipigie vigelegele?"

Walicheka mpaka wakasimama. Kisha Fundi akaacha kucheka. "Mwambie, mwenzangu."

"Nitamwambia."

Kila alfajiri mshonaji alipiga magoti kando ya kitanda. Mungu wangu, nipe kinywa. Lakini kinywa alikuwa nacho, alichokosa ni pa kuanzia. Na kadiri alivyokawia, neno lilizidi kuota mizizi. Mwanawe alikuwa amekwisha kumweleza mjomba hofu zake za kazini na ugomvi wake na mkewe, mambo ambayo mama hakuwahi kuyasikia. Kuling'oa neno lile kungeng'oa na hayo.

Jumapili moja, kabla ya chakula, kijana alimvuta Fundi pembeni. Hakujua kwamba mama yake alikuwa nyuma ya pazia, kwenye cherehani.

"Mjomba, kuna jambo la aibu. Mama ameonekana na mwanaume. Wanatoka darasani wanatembea polepole kama wamepoteza sindano njiani. Kwa umri ule!"

"Wewe umemwona huyo mtu?"

"Sijamwona, na walioniambia walimwona mgongo tu, gizani. Ila nimeamua, darasa basi. Na wewe uwe unamtazama. Ukimnasa huyo bwana, mkomeshe."

"Nimnase," Fundi alirudia.

Nyuma ya pazia mguu wa mshonaji ulisimama juu ya kanyagio. Darasani ndiko alikojifunza kusoma kitabu chake cha sala, yeye mwenyewe, bila kusomewa. Sasa hilo nalo lilifungwa, na mlinzi wake angekuwa yule yule anayemtaka. Alitaka kulia. Akamalizia pindo, kwa sababu nguo ilikuwa ya mteja.

Mezani mkwewe alimleta mtoto, analia, kichwa kimezama ndani ya koti lisilotoka.

"Msaidie huyu, mjomba. Zipu imekwama, naye anavuta tu."

"Usivute, mjukuu wangu." Fundi alipaka kipande cha sabuni kwenye meno ya zipu. "Zipu ikiuma nguo, ukiivuta mbele inauma zaidi. Irudishe kwanza ilikotoka." Akairudisha taratibu. Kitambaa kikaachiwa, na uso wa mtoto ukatokeza, umelowa machozi.

Mshonaji alikuwa ameiona kazi ile mara nyingi. Aliweka kijiko chini, akafumba macho kidogo, akayafumbua.

"Mwanangu, turudi nyuma. Siku ile mlangoni nilisema kaka. Huyu si kaka yangu."

"Si wa damu?"

"Si kaka kabisa. Ndiye huyo mwanaume wa njiani. Anataka kunioa, nami nataka."

Kijana alimtazama Fundi. Hasira ilikuja, lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine.

"Nimekwambia mambo yangu yote," alisema. "Nilikuwa na mjomba."

"Na mimi nimeyatunza," Fundi akajibu. "Sijampa mtu, hata mama yako."

Mkwe aliziba mdomo kwa upande wa kanga, haikujulikana analia au anacheka. "Mimi nilijua," alisema. "Mjomba gani husahau mchuzi kwa kumtazama dada yake?"

"Nyamaza wewe!" Kijana alisimama, akaufungua mlango wazi. "Mzee, nenda."

Fundi aliinuka, akampa mtoto koti lake, akatoka bila kugeuka. Komeo likarudishwa kwa kishindo. Mshonaji alibaki upande wa ndani, mikono mapajani, akisikiliza nyayo. Hazikuwa zimekwenda mbali.

"Babu harudi?" mtoto aliuliza.

Kijana alikuwa bado ameshika komeo, amewapa mgongo. Midomo ya mama yake ilicheza bila sauti, ikisali.

"Akirudi," kijana alisema hatimaye, kwa sauti iliyofika nje, "atapiga hodi. Kama mgeni. Na aje na mtu wa kumsemea."