Kidevu cha Marehemu Germaine

Nilizaliwa na kidevu kinachotangulia. Nikiingia mahali, kinaingia chenyewe kwanza, mimi nafuata. Meno yangu ya chini yalikuwa yanakaa mbele ya yale ya juu, kwa hiyo nikicheka watu waliona safu ya chini peke yake, na hata nikiwa na furaha nilionekana kama mtu anayetafuta ugomvi. Sikatai kwamba mara nyingine nilikuwa nautafuta kweli.

Kidevu hicho si changu. Ni cha marehemu bibi yangu, Germaine, na jina lake pia nilipewa mimi. Mimi ni ndoyi wake, wa jina moja naye. Kwetu sisi tuliotoka Kasai, babu huitwa kaku, na kaku akimtania mjukuu wake wa kike humwita mke wake. Mjukuu mwenye jina la mke mwenyewe ndiye hana pa kukimbilia. Tangu nikiwa mtoto, Kaku Alphonse, mzee aliyestaafu mgodini siku nyingi, aliniita "bibi yangu", yaani mke wangu, akinikatia donge la kwanza la bukari, ugali wetu, kabla ya mtu yeyote kugusa sahani. Nilikua, nikasoma, nikapata kazi kwenye duka la dawa mjini, na bado mzee alikuwa ananiuliza mbele ya wageni kwa nini sijampigia shati lake pasi, mimi mkewe. Nilichoka. Nasema wazi, nilichoka sana.

Nilikwenda kwa daktari wa meno kwa sababu ya maumivu, si urembo. Nikitafuna muhindi wa kuchoma, kiungo cha taya kilikuwa kinalia mbele ya sikio, na meno ya mbele yalikuwa yanasagika. Daktari Carmen wa Lubumbashi alinishika kidevu kwa vidole viwili.

"Relâchez, legeza, mama. Usisaidie."

Akakisukuma nyuma polepole. Nilipofunga mdomo, meno ya mbele yakakutana ncha kwa ncha, kisha taya lote likateleza mbele, tok, likakaa mahali pake pa siku zote.

"Umesikia?" akasema. "Taya yako haiko mrefu. Ni meno ndiyo inaisukuma mbele kila wakati unafunga mudomo. Tukipanga meno, taya itarudia kwake."

Nikabaki mdomo wazi, naye akautumia mwanya huo. Alinijaza kinywa uji mzito wa waridi ili kuchukua umbo la meno yangu, nikadhani nafia Lubumbashi bila kuaga. Kutokana na uji ule alitengeneza sanamu ya plasta, taya la juu na la chini, akaiweka kwenye rafu. Kisha akanibandika vyuma, na juu ya magego akaweka vidonge vya gundi ngumu ya buluu ili meno ya mbele yasigongane yakiwa safarini.

Hapo ndipo maisha yalipokuwa vichekesho. Magego mawili tu ndiyo yaliyokuwa yanagusana, na kila "s" ilitoka na upepo wake. Dukani nilimwambia mama mmoja anywe sirupu asubuhi, akajipangusa uso. Nikirudi kutoka kwa daktari, gari lilisimama Kapolowe, abiria wakanunua samaki wa kukaanga, nami nikanunua kwa mazoea, nikamshika mkononi hadi nyumbani Likasi tukitazamana.

Nyumbani Kaku alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Funga mudomo. Geuka upande. Eeh." Alitikisa kichwa. "Iko inarudia nyuma. Ule docteur iko anavunja nyumba ya bantu."

"Kaku, ni dawa."

"Mwambie aache kidogo. Nusu tu."

Hakuna nusu kwenye meno. Nilipewa vijipira vidogo vya kuvuta taya la chini nyuma, nivivae mchana na usiku. Pakiti ikapotea. Shangazi Mamie, anayetunza nyumba yetu na haogopi mtu, aliikuta ndani ya kiatu cha mzee cha kwenda kanisani.

"Bibi yangu hafungwi mudomo na bantu ba Lubumbashi," akasema Kaku bila aibu, na akaomba arudishiwe kiatu.

Lakini taya halikumsikiliza. Safari baada ya safari, meno ya juu yalisogea mbele, ya chini yakakubali kukaa nyuma yao, na asubuhi moja nilifunga mdomo nikasubiri ile tok. Haikuja. Kwenye kioo alikuwapo mwanamke mwenye kidevu cha kawaida, vyuma bado mdomoni, akinitazama kwa heshima. Niliruka kwa furaha. Kaku, alipoingia, alitazama mara moja tu akaenda kukaa uani.

Shida ni kwamba wakati huohuo Elie alikuwa anataka kunioa. Elie anauza sepetu na nyundo kwa wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda, ni mpole, na mimi nampenda, jambo ambalo hata yeye linamshangaza. Kwetu, anayetaka kumchukua mjukuu lazima kwanza amwombe kaku amwachie, kwa kuwa kaku ndiye mume wa kwanza. Ni mzaha, lakini lazima ujibiwe kwa adabu zote, na bila ruhusa hiyo hakuna ndoa.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, wakiongozwa na baba yake mdogo, Papa Théodore, ambaye akianza kusema hata nzi hutua wasikilize. Aliisifu nyumba yetu, akausifu ukoo wetu, akafika kwenye ombi.

"Papa Alphonse, tunakulomba utuachie bibi yako."

Kaku akaniangalia kutoka miguuni hadi kichwani.

"Bibi yangu iko wapi?"

Watu wakacheka. Papa Théodore akanionyesha kwa mkono.

"Huyu? Huyu minye simujue. Bibi yangu alienda Lubumbashi, kukarudia muntu mwingine. Nitaachilia namna gani kitu yenye sina nayo? Munirudishie bibi yangu, kisha mutachukua huyu mugeni."

Wakacheka tena, kidogo. Watu wa kwa Elie wamezoea babu wanaovuta kamba ili zawadi ziongezeke, na wakaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angeelewa. Jumapili iliyofuata walirudi na mbuzi, koti na kofia mpya. Kaku aliivaa kofia, akamzunguka mbuzi.

"Mbuzi iko na kidevu, ni kweli," akasema. "Lakini haiko ile yenye nilikuwa natafuta."

Papa Théodore aliondoka amenuna. Elie alinitazama kana kwamba mimi ndiye mbuzi. Nami nilipandwa na hasira, nikamfuata mzee chumbani kwake tayari kumwambia yote.

"Kaku, unaniharibia ndoa kwa sababu ya meno?"

Mzee alifungua Biblia akatoa picha, ile moja tu waliyopiga siku ya harusi yao. Niliijua. Kijana Alphonse ana tai, na pembeni yake bibi arusi amefunika mdomo kwa mkono.

"Alikuwa na haya," Kaku akasema. "Kila photo, mukono. Miaka yote minye nilikuwa namuona tu kwa mudomo yako. Wakati unakula, alikuwa anakula. Sasa minye nitamuona wapi?"

Hasira ilinitoka yote, nikakaa kitandani kwake kama gunia. Nilitaka kulia na nilitaka taya langu jipya, vyote pamoja. Na hapo ndipo nikakumbuka rafu ya Daktari Carmen.

Nilimpigia Elie simu nikamweleza. Akauliza kama siwezi kwenda mwenyewe, maana safari ile naijua zaidi. Nikamwambia aende mwenye haja ya mke.

Alikwenda. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimwuliza ana nini ndani ya kile kitenge alichokumbatia. "Meno ya muchumba wangu," akajibu Elie, ambaye hajui kusema uongo. Askari alirudi nyuma hatua kadhaa akampungia mkono apite.

Jumapili ya tatu Papa Théodore hakuhutubia. Elie alipiga magoti mwenyewe, akaweka mbele ya Kaku sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Mzee akafunua. Mataya mawili ya plasta, meupe, hayakushikana. Wageni wakanyoosha shingo, na mama mmoja wa upande wao akaanza kukemea pepo kwa sauti ya chini.

Kaku aliyachukua mikononi. Alijaribu kuyafunga kwa adabu, ya juu mbele, ya chini nyuma. Yakakataa. Akatabasamu, akalisukuma la chini mbele kwa kidole gumba.

Tok.

"Eeh," akasema. "Germaine."

Shangazi Mamie akaanza vigelegele, mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Musipige kelele. Ametoka safari, amechoka." Kisha akamgeukia Elie. "Mutoto, weye iko muntu muzuri. Muchukue yule mwingine."

Kicheko kilichofuata kilimtoa hata mbuzi uani. Watu walipiga makofi, Papa Théodore akapata sauti yake, akasali sala ndefu, na sombe ya majani ya muhogo na kuku vikaja mezani. Nilikaa karibu na Kaku, mahali pangu pa siku zote, nikainua mkono kupokea donge la kwanza la bukari.

Alilikata. Akaliweka kwenye sahani, mbele ya meno ya plasta, akalisogeza vizuri na kidole. Ndipo akakata la pili, dogo kidogo, akaninyooshea.

"Mujukulu yangu," akasema, "kuya ukule."

Maisha yangu yote hakuwahi kuniita hivyo. Nililipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa laini, halikuhitaji kutafunwa, lakini nililishika tu mkononi. Elie aliinama akaniuliza kama ni vyuma vinavyouma. Nikamwambia ndiyo.