Picha Iliyogeuka Nyeusi

Fundi cherehani alikuwa ameshakwenda chooni mara tatu bila haja, akitafuta njia ya kutorokea. Wapi! Shangazi yake alikuwa amekaa palepale mlangoni pa kliniki, mkoba magotini, kama askari wa benki.

"Miezi saba, mwanangu, hujapiga picha ya tumbo hata moja," shangazi akasema. "Na mkunga kasema tumbo ni dogo. Leo utaingia, upende usipende."

"Sitaki mashine imwangalie, shangazi. Yule wa kwanza ilimwangalia, akaondoka."

"Ebo! Tangu lini mashine ikala watoto?"

Hata fundi alijua haili watoto. Moyo ndio uliogoma.

Maana miaka minne nyuma aliingia chumba hikihiki cha picha akicheka. Alijipaka poda, akavaa gauni jipya la maua, akidhani na uso wake utatokea kwenye picha. Mumewe alicheka mpaka akatolewa nje. Kikatoka kikaratasi laini, chenye kujikunja, na mtoto ndani yake kaweka mkono shavuni. Jamani, raha gani ile! Kikaratasi kikazungushwa karakana nzima. Mkata vitambaa akaapa pua ni ya baba mtu. Mpiga pasi akasema hiyo si pua, ni goti. Walibishana mpaka saa ya chakula, na hakuna shati lililoshonwa. Angetoa nini leo kuirudia asubuhi ile moja tu!

Mwezi wa nane mtoto akanyamaza tumboni, akazaliwa bila kulia. Kilichobaki ni kile kikaratasi. Kwa kuogopa kisichakae, fundi akakipeleka kwa mpiga chapa wa kona akifunike kwa plastiki ya moto. Hakuna kati yao aliyejua kwamba karatasi zile haziwezi joto. Picha ilitoka nyeusi tititi, plastiki inang'aa juu yake. Alilia pale kaunta kuliko alivyolia wodini.

"Mama, zamu yako," muuguzi akaita kutoka chumba cha picha.

Akalala kitandani, akageuzia uso ukutani. Jeli ya baridi ikamshtua. Daktari wa picha, mama wa makamo mwenye miwani iliyoteremka puani, akasogeza kifaa taratibu, huku, kule, bila neno. Fundi akauma ncha ya mtandio wake. Shangazi, anayeongea kuliko redio, akaukumbatia mkoba kifuani.

Kisha chumba kikajaa mlio, du-du-du-du, haraka haraka, kama cherehani inayokimbizwa siku ya mwisho ya oda.

"Mdogo kidogo, lakini mzima," daktari akasema. "Utakuja kila wiki mbili tumfuatilie. Haya, geuka umwone."

Ilimchukua muda, lakini akageuka. Mtoto alikuwa anapiga miayo, mdomo wazi, hana habari na mtu. Fundi akacheka na kulia kwa pamoja, akatamani vibaya mno wale wa karakana wangekuwapo wabishane.

"Mimba ya kwanza hii?" daktari akauliza, kalamu mkononi.

"Ya kwanza," shangazi akadakia. Ndivyo ndugu wote walivyozoea kujibu, kumpunguzia machungu.

"Ya pili," fundi akasema, macho bado kwenye kioo cha mashine. "Huyu ana dada yake. Andika, daktari."