Visiwa Juu ya Tanuri

"Huku tena!" Kasiani alifoka, akatupa chepe zima la udongo juu ya tundu lililokuwa likifuka moshi. Kabla hajalishindilia, jingine likafunguka hatua moja mbele. "Bwana Yesu, nipe subira. Nyingine. Ile ya asubuhi imekwisha."

Tanuri lake la mkaa lilikuwa refu, limefunikwa majani na udongo, pembeni mwa msitu wa Kisarawe. Ndani, magogo yaliungua polepole bila ndimi za moto, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tundu likiachwa wazi hewa huingia, na kazi ya msimu hugeuka majivu. Mchoma mkaa haliachi tanuri linalofuka.

Na jioni hiyo ndiyo ilikuwa ya mtihani wa mdomo katika darasa la watu wazima. Padri alikwisha kusema: asiyefaulu hapo hawezi kuwa katekista, hata akijua sala zote. Kasiani alizijua zote. Alichoshindwa mara mbili ni swali moja la Mwalimu Damiani: visiwa vya moto baharini huzaliwaje, tena vikiwa vimejipanga mstari mmoja?

"Bahari yenyewe umeiona lini?" aliuliza mkewe, Yosefina, akimpa kibuyu cha maji.

"Mama Laurentia, usinichokoze."

"Moto chini ya maji! Jiko langu likidondokewa na mvua kidogo tu, linazimika."

"Ndivyo nilivyomjibu mwalimu. Darasa zima likacheka."

Moshi ukatoka tena. Kasiani alishika chepe kwa hasira, akageuka kuchota udongo, na hapo akaona alikotoka. Viraka vyake vyote vya udongo vilikuwa vimejipanga mstari. Vya nyuma kabisa vimepoa na kudidimia, vya katikati vina joto, cha mbele ndicho kinachofuka.

"Ee Mungu wangu."

"Umeungua?"

"Tazama!" Akaanza kuonyesha kwa mpini wa chepe. "Sakafu ya bahari ina ufa. Mawe yaliyoyeyuka yanatoka hapa, yanaganda, yanarundikana mpaka yanachomoza juu ya maji. Kisiwa hicho! Mwalimu anasema moto unasogea kwenye ufa, unazaa kingine huku. Cha nyuma kinapoa, mawimbi yanakila, kinazama."

"Na maji hayauzimi?"

"Yanapoza juu tu. Huu nimeumwagia udongo tangu alfajiri, umezimika?"

Yosefina alilitazama tanuri, kisha akamtazama yeye. "Yaani mwezi mzima unanigeukiageukia kitandani kwa habari ya tanuri?"

Shuleni, kipande cha reli kiligongwa kuwaita watu kwenye mtihani. Kasiani aliitazama njia, akautazama moshi.

"Siendi," alisema.

"Lete hilo chepe."

"Hujawahi kulinda tanuri, wewe."

"Na wewe hujawahi kufaulu. Baba Laurentia, ukianguka mara ya tatu mimi nitapita wapi kanisani? Nenda!"

Alikwenda nusu akitembea nusu akikimbia, akiyarudia maneno yake kama mtu anayesali rozari: ufa, moto, mawe, kisiwa, kingine. Kwenye mwinuko akageuka.

Yosefina alikuwa ameinama juu ya tundu la mwisho, akilikanyaga kwa kisigino, mgongo wake ukielekea upande ambao moto ulikuwa haujafika. Huko, kwenye udongo mzima usio na kiraka, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa umeanza kupanda.

Reli ikagongwa mara ya pili.